Jeneza la Ta-miu

Mwaka 1892, huko Mit Rahina kusini mwa Kairo, kwenye magofu ya mji wa kale wa Memphis, lilipatikana sanduku la mawe ya chokaa lisilofika mita moja kwenda juu. Lina mfuniko, limechongwa maandishi na picha, na miungu wamesimamishwa kuwa walinzi wake. Kwa umbo na kwa maneno ni jeneza la mtu wa heshima. Aliyetengenezewa alikuwa paka.

Jina lake Ta-miu. Bwana wake alikuwa Thutmose, mtoto mkubwa wa Farao Amenhotep wa Tatu, katika karne ya 14 KK. Leo jeneza hilo ni mali ya Jumba la Makumbusho la Misri, na mara nyingi watu hulitaja kama kioja cha watoto wa kifalme waliokuwa na mali ya kuchezea. Mimi sikubaliani nao. Nimezitazama picha zake kwa muda mrefu, upande baada ya upande, na naliona kama kazi ya fundi aliyepewa tatizo gumu akalitatua. Tatizo lenyewe nalijua, kwa kuwa limenikaa kifuani tangu paka wetu Chausiku alipokufa: unamkumbukaje mnyama bila kumfanya mtu, na bila kumfanya kitu?

Kwanza tumjue aliyeagiza kazi. Thutmose hakuwa mwana wa mfalme tu. Alikuwa kuhani mkuu wa Ptah, mungu wa Memphis, na Ptah ndiye mungu wa mafundi. Cheo cha kuhani huyo kwa Kimisri maana yake ni mkubwa wa wasimamizi wa mafundi. Kwa hiyo kijana huyu aliyefiwa na paka ndiye aliyekuwa juu ya wachonga mawe wa mji. Hakwenda kuomba kwa mtu. Aliwaita watu wake, na naamini aliwaeleza anachotaka, kwa sababu maandishi yanataja vyeo vyake na yanasema jeneza limetengenezwa kwa amri yake.

Sasa maneno. Wamisri walipomwandika maiti walitanguliza jina la Osiris, mungu aliyekufa akafufuka akawa mfalme wa wafu. Fulani akifa aliitwa Osiris Fulani, kama sisi tunavyosema marehemu Fulani. Katika jeneza hili imeandikwa Osiris Ta-miu. Msomaji wa Kiswahili ana mizani nzuri ya kupimia uzito wa neno hilo, maana lugha yetu imeweka mpaka: mtu hufariki, mnyama hufa, mtu akifa ni maiti, mnyama akifa ni mzoga. Mpaka huo hakuna anayeuvuka kwa kuteleza ulimi. Pale Memphis ulivukwa kwa makusudi, kwa tindo, alama moja baada ya nyingine. Tena paka huyo amepewa sifa ya wafu waliopimwa mioyo yao kwenye mizani ya Osiris wakaonekana hawana deni: mkweli wa kauli.

Lakini jambo ambalo hunirudisha kwenye jiwe hili kila mara ni sauti. Ta-miu anasema mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Anajitangaza kuwa yumo miongoni mwa wasioangamia huko mbinguni. Hao wasioangamia ni zile nyota za upande wa kaskazini ambazo kwa macho ya Mmisri hazikutua kamwe. Zinazunguka usiku kucha bila kuzama. Fikiria uamuzi huo. Ingekuwa rahisi kumwandika mwana wa mfalme akilia, akieleza alivyompenda paka wake. Sisi tunapoandika tanzia za wanyama wetu hufanya hivyo hasa: tunaandika juu yetu. Fundi wa Memphis amemnyamazisha mwenye paka, akampa neno paka. Thutmose ametajwa kwa vyeo vyake, basi. Mwenye habari ni aliyekufa.

Na miungu walioitwa ni walewale. Isis na Nephthys, dada wawili waliomlilia Osiris, wapo. Nut, mungu wa mbingu anayejitanda juu ya maiti kama mama anavyomfunika mtoto shuka, ametajwa. Hakuna aliyepunguzwa kwa kuwa jeneza ni dogo.

Hadi hapo mtu anaweza kusema: basi amefanywa mtu. Ndipo tugeukie picha, kwa kuwa humo ndimo fundi alimokataa. Ta-miu amechongwa ameketi kama paka anavyoketi, kifua mbele, masikio juu, na kitambaa kimefungwa shingoni. Hakupewa kiti cha kuegemea wala mkono wa kushikia kikombe. Mbele yake ipo meza ya sadaka, ileile wanayochorewa wafu wote wa Misri, na juu yake, pamoja na vingine, yupo bata. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua paka. Bata kwenye meza ya maiti wa kibinadamu ni desturi. Bata huyohuyo akiwa mbele ya paka ni kumbukumbu, na fundi hakulazimika kubadili kitu: alihitaji tu kumweka paka mahali ambapo angekaa mtu, na desturi yote ikapata maana ya nyumbani.

Nyuma ya paka huyo aliye hai amechongwa tena Ta-miu wa pili, safari hii akiwa mumia, amesimama wima ndani ya sanda. Uso ni wa paka. Wawili hao wako katika picha moja: yule anayekula na yule aliyekufa. Aliyewahi kufiwa na mnyama wa nyumbani anaijua hali hiyo vizuri. Unazika asubuhi, na jioni unatega sikio usikie kucha zikikwaruza mlango.

Jina nalo lina la kusema. Miu ni paka kwa Kimisri cha kale, na ni mlio wenyewe, kama watoto wetu wanavyosema nyau. Ta ni kiambishi cha kike. Kwa hiyo Ta-miu ni paka jike, hakuna zaidi. Katika tahajia ya kawaida ya neno hilo, alama ya kwanza ni chombo cha maziwa kilichobebwa kwenye wavu. Kimewekwa kwa ajili ya sauti yake, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kukichonga mbele ya mchoro wa paka bila kuwaza maziwa.

Ili uone ukubwa wa kazi hii, ilinganishe na kilichokuja baadaye. Mamia ya miaka baada ya Thutmose, Wamisri walikausha paka kwa maelfu na kuwauzia mahujaji wa mungu Bastet kama nadhiri. Picha za eksirei zinaonyesha kwamba wengi walikuwa wadogo, waliovunjwa shingo. Mwaka 1888 shimo lao moja lilifukuliwa Beni Hasan, na mwaka 1890 shehena ya tani 19 hivi, iliyokadiriwa kuwa mabaki ya paka 180,000, ilipelekwa Liverpool ikauzwa kuwa mbolea ya mashamba ya Uingereza. Hao wote walifungwa vitambaa kwa ustadi, wengine vizuri mno. Hawakuwa na majina.

Kasoro ya jeneza la Ta-miu ipo, nami sitaificha. Halituambii alikuwa na rangi gani, aliishi miaka mingapi, alilala wapi. Hatujui kama alikuwa mpole au mkali. Kanuni za mazishi ya Misri hazikuwa na nafasi ya mambo hayo, na fundi alizifuata kwa uaminifu. Hapo ndipo ninapoona sisi tusio na mawe wala mafundi tunaweza kuongeza kitu.

Chausiku aliingia kwetu Ngamiani, Tanga, usiku wa mvua, akiwa kitoto cha kukaa kiganjani, na akakaa miaka 14. Mama yangu alikuwa akipara samaki uani kila siku kabla ya adhuhuri. Chausiku hakuomba. Alikaa hatua tatu kutoka kwenye kibao, mkia ameuzungushia miguu, amempa Mama mgongo kana kwamba hana habari naye. Masikio tu ndiyo yaliyogeuka nyuma. Kisu kikipita kwenye magamba, yametulia. Kisu kikipasua tumbo la changu, yote mawili yanainuka kwa pamoja. Mama alikuwa akisema, "Haya, Bibi, fungu lako hili," ndipo anageuka, taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka safari ya mbali.

Tulimzika chini ya mkomamanga. Siku chache baadaye nilitafuta kipande cha mbao ya mvule, nikaandika jina lake kwa kalamu ya moto, kisha nikamchora ameketi, na mbele yake kisahani chenye utumbo wa changu. Nikampelekea Mama aione kabla sijaipigilia. Aliishika karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga, akanirudishia.

"Umemchora ananitazama," akasema. "Mgeuze. Na masikio yaje nyuma."

Nikachukua msasa, nikaanza upya.