Kalsiamu Iliyofichwa na Fosfati

Kwa mtu mzima mwenye afya, seramu huwa na kalsiamu ya takriban milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Wigo huo ni mwembamba kiasi kwamba kosa la asilimia 5 tu linatosha kumwingiza mtu asiye na tatizo katika orodha ya wanaoshukiwa ugonjwa wa tezi za paratiroidi. Ndiyo maana kazi kuhusu upimaji wa kalsiamu ya seramu iliyochapishwa mwaka 1972 na National Bureau of Standards ya Gaithersburg, Maryland, jirani na Washington, inastahili kusomwa tena. Taasisi hiyo, ambayo leo inaitwa NIST, ilishirikiana na wakemia wa tiba, akiwemo Donald Young wa taasisi za afya za Bethesda.

Mashine waliyoitumia, ya ufyonzaji wa atomu, hupitisha mwanga wa nanomita 422.7 katikati ya mwali wa hewa na asetilini. Atomu za kalsiamu zilizo peke yake hufyonza sehemu ya mwanga huo. Zilizofungwa ndani ya kampaundi hazihesabiwi. Sasa, seramu ina fosfati. Tone la seramu linapokauka motoni, kalsiamu na fosfati hushikamana zikawa chembe ngumu, na joto la nyuzi 2,300 hivi haliwahi kuivunja yote kabla haijapita. Mashine husoma pungufu bila kutoa onyo lolote.

Mwaka 1965 J. B. Willis wa Australia alionyesha njia ya mwali mkali zaidi, wa nitrasi oksaidi na asetilini. Lakini moto huo hung'oa elektroni za kalsiamu, na ioni haifyonzi mwanga uleule. Wa Gaithersburg walibaki na hewa, wakazimua seramu mara 50 kwa kloridi ya lanthani yenye asidi. Lanthani huishika fosfati kwa nguvu zaidi, na kalsiamu ikaachiwa.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia mbinu hii. Kwa maoni yangu, uhodari wenyewe uko kwenye myeyusho wa kulinganishia. Sodiamu ya seramu huzuia kalsiamu kupoteza elektroni, hivyo seramu husomeka juu kuliko kalsiamu iliyo katika maji matupu. Fosfati inashusha, sodiamu inapandisha. Zikifutana kwa bahati, jibu litaonekana zuri leo na kuharibika kesho kwa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo kabonati safi ya kalsiamu iliyeyushwa pamoja na sodiamu milimoli 140 na potasiamu 5, kama ilivyo damuni, na kila sampuli ikasomwa kati ya viwango viwili, kimoja chini yake na kingine juu.

Bado ilihitajika shahidi asiyetegemea moto. Waliongeza kwenye seramu kiasi kinachojulikana cha isotopi adimu ya kalsiamu, wakapima uwiano wake na isotopi ya kawaida kwa spektrometa ya masi. Isotopi zikishachanganyika sawasawa, hata nusu ya sampuli ikimwagika uwiano haubadiliki. Maabara kadhaa zilizopewa seramu zilezile, zenye mashine za aina tofauti, zililinganishwa na shahidi huyo, na majibu ya mwali yakakaa ndani ya takriban asilimia 2 ya yake.