Mbao Gani?

Kusakinisha WordPress, programu ya kujengea tovuti, kulimalizika kabla chai haijapoa. Dada fundi alitengeneza hifadhidata tupu, akabandika mistari 8 ya funguo za siri kwenye faili la mipangilio, akaandika jina la karakana ya mjomba wangu. Majedwali 12 yakajijenga yenyewe, na mlango wa ndani wa tovuti ukafunguka. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anakunja mikono ya blauzi.

Karakana iko Keko, Dar es Salaam, ambako vitanda na makabati hupangwa nje hadi kando ya barabara. Tovuti ya kwanza ya mjomba ilipotea. Aliyeitengeneza alisajili jina la tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama, akabadili namba ya simu, na siku ya kulipia ilipofika hakuna aliyeona taarifa. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya lolote, dada alimketisha mzee mbele ya kompyuta wakasajili jina la .co.tz kwa barua pepe ya mzee, kwa simu ya mzee, kwa pesa ya mzee. Walipofika kwenye neno la siri, dada aligeuza uso akatazama rundo la mbao ukutani, wala hakugeuka mpaka aliposikia, "Tayari, mwanangu."

WordPress yenyewe ilizaliwa baada ya fundi mmoja kunyamaza. Michel Valdrighi alikuwa ameandika programu iitwayo b2, watu wakaitegemea, halafu akatoweka mtandaoni. Mwanzoni mwa 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 huko Houston, aliandika kwamba anataka kuiendeleza. Mike Little akamjibu kutoka Uingereza kwamba yuko tayari kusaidia. Leseni ya b2 ilimruhusu yeyote kuichukua na kuitengeneza, na tarehe 27 Mei mwaka huohuo toleo la kwanza la WordPress likatoka. Nilimtazama dada akifanya kazi na kuona kwamba jambo hilo analijua kwa mikono yake: kila alichogusa alikiandaa kwa ajili ya siku ambayo yeye hatakuwepo.

Alianza kwa kuondoa. Makala ya salamu inayokuja na programu, ukurasa wa mfano, programu jalizi zisizo na kazi, vyote vikafutwa. Anwani za kurasa, ambazo zingekuwa alama ya kuuliza na namba, akazibadili zisomeke kwa maneno, ili anayetumiwa kiungo kwa WhatsApp ajue ni kitanda kabla hajakibonyeza.

Kisha ikaja fomu ambayo mjomba angeitumia kuweka kazi zake, na hapo ndipo nilipovuta kiti.

Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, anayeandika kwenye WordPress hupewa ukurasa mweupe wa kupanga vipande: aya, picha, safu, kitufe. Kwa mwandishi ni uwanja mpana. Kwa mtu mwenye vumbi la msasa vidoleni ni pori. Dada hakumfundisha mzee kupita humo. Alisema tu, "Baba, niuzie kitanda." Mjomba akamuuzia kama anavyomuuzia mteja yeyote: sita kwa sita, mninga mtupu, droo mbili chini, siku kumi. Yeye akawa anaandika kwa mfuatano uleule. Kisanduku cha juu alikiita "Maelezo ya bidhaa", mzee akakitazama, akauliza, "Bidhaa ndiyo ipi?" Neno likafutwa papo hapo. Fomu ikawa hivi: Kazi gani? Mbao gani? Vipimo. Siku ngapi? Bei. Picha. Bei ilizua mjadala, maana mbao hazikai bei moja, wakakubaliana kwamba kisanduku hicho kikiachwa wazi, mteja ataona "Piga simu tuelewane".

Picha zilimlia muda kuliko vyote. Simu ya mjomba hupiga picha ya MB 4, na mteja anaitazama kwa bando lake. WordPress hukata nakala ndogo ndogo yenyewe, na picha inayozidi pikseli 2,560 huipunguza, lakini dada hakutosheka. Alibana picha ya kitanda mpaka ikawa nyepesi kabisa, akaikuza, akatikisa kichwa: mistari ya mninga ilikuwa imeyeyuka, ubao unaonekana kama plastiki. Akalegeza kidogo, akaitazama, akalegeza tena. Mara ya tatu mistari ilirudi.

Mzee alipewa ngazi ya mhariri, anayeweza kuweka na kufuta kazi zake bila kugusa mitambo. Niliona kama anabanwa. Lakini ufunguo mkuu nao dada aliuandika kwenye karatasi, akautia kwenye bahasha, akamkabidhi aufungie kwenye droo. Akachukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, akaisimamisha upya mahali pengine patupu, akafungua kila ukurasa kuhakikisha inafufuka kweli.

Jioni akasogeza kiti nyuma. "Baba, weka kabati lile." Mjomba akatafuta herufi moja moja. Kufikia neno "mkongo" mimi nilishanyoosha mkono kumsaidia, dada akanizuia kwa jicho. Mikono yake mwenyewe ilitulia mapajani. Mzee akabonyeza kuchapisha, akafungua simu yake, kabati likatokea. Akalikuza kwa vidole viwili, akalitazama sana.

"Hii bawaba ya kushoto imekaa vibaya," akasema, akainuka kutafuta bisibisi.