Bega Limepunguziwa Kazi Kiasi Gani?

Mwaka 2018 Ford ilipopeleka viunzi vya kuvaliwa katika viwanda vyake 15, ilieleza kwamba baadhi ya wafanyakazi wake huinua mikono hadi mara 4,600 kwa siku. Kiunzi hicho, EksoVest, hakina mota wala betri: springi zake huubeba kila mkono kwa nguvu ya kilo 2 hadi 7 hivi. Je, bega hupunguziwa kazi kiasi gani?

Jibu lipo ndani ya msuli. Msuli unapokaza hutoa umeme hafifu, na elektromiografia huupima. Ngozi hunyolewa na kusafishwa kwa spiriti, kisha elektrodi mbili hubandikwa kufuata uelekeo wa nyuzi za msuli, zikiachana sentimita 2. Wapimaji huanza na deltoidi ya mbele, inayoinua mkono, na trapezi ya juu. Mkanda wa kiunzi usiziguse elektrodi, maana ukizisugua, mashine itarekodi msuguano.

Mikrovolti za mtu mmoja hazilinganishwi na za mwingine, kwani hata unene wa mafuta chini ya ngozi huzibadilisha. Kwa hiyo kila mshiriki kwanza husukuma kizuizi kwa nguvu zake zote, na kipimo hicho huwa asilimia 100 yake. Kisha hufanya kazi ileile akiwa na kiunzi na bila kiunzi. Wengine huanza nacho, wengine humalizia nacho, ili uchovu usihesabiwe kuwa athari ya kifaa.

Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walichapisha mwaka 2018 jaribio ambalo washiriki walitoboa kwa drili juu ya kichwa wakiwa wamevaa mfano wa majaribio wa kiunzi kama hicho. Kilele cha kazi ya misuli ya bega kilipungua kwa hadi asilimia 45, na muda wa kutoboa kwa karibu asilimia 20. Hata hivyo makosa yaliongezeka, na usumbufu waliouhisi washiriki haukubadilika sana. Msuli ulisema jambo ambalo mdomo haukulisema, na ubora wa kazi ukasema la tatu.

Ndiyo maana takwimu moja ya asilimia iliyomo kwenye matangazo haitoshi. Chukua mfano wa wafanyakazi wawili: mzigo tuli wa mmoja ukishuka kutoka asilimia 20 hadi 12 ya nguvu zake zote, hilo ni punguzo la asilimia 40, na wa mwingine ukishuka kutoka 5 hadi 3, pia. Kwa kazi ya mfululizo, Bengt Jonsson wa Sweden alipendekeza mzigo huo tuli usizidi asilimia 5 ya nguvu zote. Kwa hiyo mfanyakazi wa kwanza, hata akivaa kiunzi, bado yuko hatarini.

Tena springi haijui wakati wa kushusha mkono. Huendelea kuusukuma juu, na misuli ya mgongo na ya nyuma ya mkono hulazimika kushindana nayo. Anayepima deltoidi peke yake hupima faida na kuiacha gharama. Kiwanda kinachotaka kununua kidai vipimo vya makundi yote mawili ya misuli, inayoinua na inayoshusha, kwa zamu nzima na kwa kazi halisi. Bega la mfanyakazi linastahili uangalifu huo.