Miche Ilikufa, Jeni Ikapatikana

Ukungu wa majani haumsumbui sana anayelima nyanya uwanjani. Ndani ya kitalu nyumba ni habari nyingine: unyevu wa hewa ukipita asilimia 85, majani hupata madoa ya njano juu, na chini yake unga wa rangi ya zaituni. Kuvu inayouleta, Cladosporium fulvum, hupenya kwenye stomata, yaani vitundu vya hewa vya jani, na kuishi katikati ya seli bila kuingia ndani ya seli yoyote.

Tabia hiyo ndiyo iliyoiponza. Huko Wageningen, Uholanzi, Pierre de Wit na wenzake waliyajaza maji majani yaliyougua, wakayazungusha kwenye mashine mpaka maji yakatoka pamoja na kila kilichotemwa na kuvu. Maji hayo wakayadunga kwenye nyanya nzima. Zenye jeni iitwayo Cf-9, iliyotokana na nyanya pori za Amerika Kusini, ziliungua pale pale: seli zilijiua ili adui asisonge mbele. Kilichozishtua ni protini ndogo mno, ya amino asidi 28 tu. Jeni yake, Avr9, ilitangazwa mwaka 1991.

Kuinasa Cf-9 yenyewe kulihitaji ujanja zaidi, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Kundi la Jonathan Jones, Norwich, Uingereza, lilitengeneza nyanya inayojizalishia Avr9, likaizalisha na nyanya yenye Cf-9. Mche wa namna hiyo hubeba mwizi na king'ora katika mwili mmoja. Hufa ungali mchanga. Ila walikuwa wametia pia kipande cha DNA ya mahindi chenye tabia ya kuhamahama. Kikitua ndani ya Cf-9, jeni huharibika na mche hupona. Kazi ya kuchambua maelfu ya miche ikafanywa na kifo chenyewe: iliyobaki hai ndiyo iliyobeba kipande hicho ndani ya Cf-9 kama alama, na mwaka 1994 Cf-9 ikawa mkononi.

Kuvu nayo haikulala. Aina zinazoishinda Cf-9 zimeitupa Avr9 nzima, na bado zinashambulia vizuri tu.

Kwa hiyo, mkulima, mbegu yenye ukinzani nunua, lakini usiiachie kazi yote. Panda kwa nafasi, punguza majani ya chini, mwagilia kwa matone, na fungua madirisha ya kitalu asubuhi kabla majani hayajatota.