Drili Nzuri Hujulikana Ikienda Polepole

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Tabora, mteja anayetaka drili ya betri hufanya jambo lilelile: anainyanyua kutoka kwenye kaunta, anaielekeza juu, anabana swichi mpaka mwisho. Mashine inalia, mteja anaridhika, mazungumzo ya bei yanaanza. Jaribio hilo halimwambii kitu. Mota yoyote mpya, hata ya mashine ambayo haitaziona mvua za Novemba, huzunguka kwa kasi ikiwa haijabebeshwa mzigo.

Anayeijua drili hufanya kinyume. Huiweka kwenye gia ya kwanza, kisha hubana swichi kidogo tu, kiasi cha kuiamsha. Drili nzuri huanza kuzunguka taratibu hata jicho likaweza kuhesabu mizunguko, na hubaki kwenye mwendo huo muda wote kidole kinapotulia. Ukiongeza kidogo, nayo inaongeza kidogo. Ukiachia, inasimama papo hapo. Drili mbovu haina mwendo wa kati: hukaa kimya, kidole kikisogea unywele mmoja inaruka hadi kasi kubwa, na ukiachia huendelea kuzunguka yenyewe. Mimi naamini jaribio hili lina thamani kuliko maandishi yote yaliyo kwenye boksi, kwa sababu kazi ngumu za nyumbani hufanyika kwenye mwendo huo wa chini. Pale ndipo skrubu inapoingia bila kukatika, na chuma cha geti kinapotoboka bila kuunguza biti.

Kwa Tabora jambo hili lina uzito wake. Nyumba nyingi hapa zina milango, fremu, vitanda na makabati ya mninga uliotoka kwenye misitu ya miombo upande wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Mninga ni mti mwema kwa seremala. Ukikauka vizuri haupindipindi, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Lakini ni mbao ngumu, na mkongo ni mgumu zaidi. Ukiisukuma skrubu ya milimita 75 kwenye ubao wa mninga kwa drili isiyojua kwenda pole, moja kati ya mambo mawili litatokea: kichwa cha skrubu kitasagika au ubao utapasuka kufuata nyuzi zake. Mninga uliopasuka haurudi.

Mafundi wa zamani wasingeshangazwa na hoja hii. Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kwenye tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho, kuna milango ya nakshi ya mtindo uliopanda na misafara kutoka pwani. Huko pwani, mafundi wa majahazi walitoboa mbao zao kwa keekee ya uta: kamba imezungushwa kwenye mti wa keekee, fundi anavuta uta na kurudisha, na kila mzunguko wa ncha unatii mkono wake. Aliyeshika keekee alihisi mbao inapokaza na inapolegea. Swichi ya drili ya leo inapaswa kumpa mtumiaji hisia hiyohiyo. Isipoitoa, umenunua mota yenye mpini.

Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Chukua kipande cha mninga chenye unene wa sentimita tano hivi, skrubu mbili tatu ndefu, na biti moja ndefu iliyonyooka unayoiamini. Muuza duka muungwana hakatai ukimwomba: "Kaka, naomba niijaribu kwenye ubao wangu kabla sijalipa." Akikataa kabisa, nenda duka la jirani.

Anza na mdomo, pale biti inaposhikwa. Ingiza ile biti ndefu, kaza, izungushe polepole na utazame ncha yake kwa ubavu. Ncha ikikaa sehemu moja, mdomo na mhimili vimenyooka. Ikichora duara, kila tundu utakalotoboa litakuwa pana kuliko biti, na skrubu haitashika. Kisha zima, ondoa betri, shika mdomo na uutikise kushoto na kulia. Ukisikia mchezo mkubwa, beringi ni dhaifu tangu kiwandani. Midomo ya milimita 10 inatosha kazi nyingi za nyumbani. Wa milimita 13 ni bora kwa anayetoboa mbao nene. Wenye chuma ndani na nje hudumu kuliko wa plastiki tupu.

Halafu ile pete ya namba iliyo nyuma ya mdomo, yaani klachi. Wanunuzi wengi hawaigusi kamwe. Kazi yake ni kuachia nguvu skrubu inapofikia ukomo ulioupanga, ili isizame kupita kiasi au kukatika. Iweke namba ndogo kabisa, sukuma skrubu kwenye ubao: inapaswa kulia ta-ta-ta mapema, skrubu ikiwa bado juu. Panda namba kadhaa, izame zaidi kabla ya kulia. Kama namba 1 na namba 12 zinaachia mahali pamoja, pete hiyo ni pambo.

Sasa betri, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Maganda ya drili za bei ya chini huandikwa 48V, 88V, hata 128V, na mteja huamini kwamba namba kubwa ni nguvu kubwa. Hesabu yake ni nyepesi. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa hufika 4.2. Seli tano zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 18, na zikitoka tu kwenye chaja husoma 20 au 21. Ndiyo maana drili iliyoandikwa 18V na nyingine iliyoandikwa 20V au 21V zinaweza kuwa na betri sawa kabisa ndani. Seli tatu hutoa volti 10.8, nazo huuzwa kwa jina la 12V. Ili upate 88V za kweli ungehitaji seli zisizopungua 25, ambazo zenyewe tu zingepita kilo moja. Betri unayoinyanyua kwa vidole viwili haiwezi kuwa nazo.

Uwongo wa pili umo kwenye ampea-saa, ile namba yenye herufi Ah. Hii inaeleza betri itafanya kazi kwa muda gani, nayo ina kipimo ambacho hakidanganyi: uzito. Seli za kawaida za vifaa hivi, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zina gramu 45 hadi 50 kila moja. Betri ya 18V na 2Ah, yenye seli tano pamoja na ganda lake, huwa karibu na gramu 350. Ya 4Ah iliyotengenezwa kwa seli kumi za aina hiyo huwa karibu na gramu 600. Duka linalouza misumari kwa kilo lina mizani juu ya kaunta. Omba betri ipimwe. Ikiwa imeandikwa 6Ah na mizani inasoma gramu 300, rudisha kwenye boksi lake. Hakuna muuzaji anayeweza kubishana na mizani yake mwenyewe.

Kwa nyumba ya familia, 18V yenye betri mbili za 2Ah ni chaguo ninalolitetea bila kusita. Moja ikiwa kazini, nyingine iko kwenye chaja, na umeme ukikatika mchana kazi haisimami mara moja. Betri moja kubwa huongeza uzito mkononi na kukuacha bila kitu ikiisha. Anayefunga bawaba na vitasa tu anaweza kuridhika na 12V, ambayo ni nyepesi na huingia kwenye kona za makabati.

Itazame chaja kwa makini, hasa kama unanunua mashine ya mtumba. Vifaa vingi vilivyotumika vinatoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Chaja ya Kijapani isiyoandikwa 100–240V huungua siku ya kwanza ukiichomeka ukutani. Waepuke pia wazee wa 9.6V, 12V na 14.4V ambao betri zao zina shina refu linaloingia ndani ya mpini: nyingi kati ya hizo ni za nikeli na kadimiamu, teknolojia ambayo Black & Decker waliitumia kwenye drili yao ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961. Mashine yenyewe huenda ni imara kuliko mpya nyingi, lakini seli zimekwisha.

Na joto. Oktoba ya Tabora inajulikana. Betri ya lithiamu iliyosahauliwa juani au ndani ya gari lililofungwa vioo huzeeka upesi, na kuichaji ikiwa bado ya moto kutokana na kazi ni kuiharibu kwa makusudi. Iache ipoe kivulini kwanza. Ukiiweka kwa miezi, iache na chaji ya nusu, isiwe tupu wala isiwe imejaa.

Kuhusu mota kuna mabishano. Mota isiyo na brashi haina kaboni za kulika, hutumia betri vizuri zaidi na hupata joto kidogo. Ni bora, na gharama yake ni kubwa. Lakini mota ya kaboni ina sifa moja ambayo mwongozo ulioandikwa Ulaya hautaitaja: ikichoka, fundi anayetengeneza mota ataitafutia kaboni mpya, na mashine inarudi kazini. Bodi ya umeme ya mota isiyo na brashi ikifa, kilichobaki mara nyingi ni kutafuta mashine nyingine. Kwa matumizi ya nyumbani mimi nachukua ya kaboni, na fedha inayobaki naipeleka kwenye betri ya pili. Swali la kumuuliza muuzaji kuhusu INGCO, TOTAL, Makita, Bosch au jina lolote jingine ni moja: "Betri peke yake unayo?" Kama haipo dukani leo, usitegemee kuipata baada ya miaka miwili.

Taa, mkoba na vikorokoro vya kwenye boksi havina haja ya kujadiliwa.

Biti za kwenye boksi, hizo zina haja, kwa sababu nyingi hazifai. Nunua chache zenye ubora: za mbao zenye ncha ndogo katikati ili zisiteleze juu ya mninga, za chuma kwa mageti na vyuma vya madirisha, na za ukuta zenye ncha ngumu iliyochomelewa. Kila skrubu ya kwenye mninga itobolee njia kwanza, kwa biti yenye unene wa shina la skrubu bila meno yake. Kisha pitisha skrubu kwenye nta ya nyuki. Katika mkoa unaouza asali nchi nzima nta si ya kutafuta mbali, na utaona skrubu iliyokuwa ikilia inaingia kimya, huku betri ikidumu zaidi. Ziba pua unapotoboa, maana vumbi la mninga huwasumbua baadhi ya watu kifuani.

Limebaki jambo la mapazia, linaloharibu drili nyingi mpya. Tofali la kuchoma hutoboka kwa drili ya 18V yenye alama ya nyundo bila taabu kubwa. Tofali bichi halihitaji hata nyundo. Linahitaji plagi ndefu na mkono mwepesi. Lakini fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha kuna lenta: zege lenye nondo. Nyundo ya drili ya betri ya kawaida ni visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana, na mbele ya zege hilo hutoa kelele, moshi na tundu la nusu sentimita. Hapo usiiongezee nguvu ya bega. Azima kwa fundi mashine ya zege ya waya, ile ambayo biti zake huingia kwa kubofya na hupigwa na pistoni ya ndani. Itamaliza matundu yote ya sebule kabla chai haijapoa. Kama mashine hiyo haipatikani, funga kwanza ubao mrefu wa mninga kwenye matofali ya kushoto na kulia, nje ya ncha za lenta, kisha fimbo ya pazia uifunge kwenye ubao huo kwa drili yako, gia ya kwanza, polepole.