Anayejua Saa ya Kushuka

Mwongozaji wa skii katika volkano za kusini mwa Chile huanza kazi jioni ya siku iliyotangulia, akiwa mezani na simu yake na ramani. Kwanza husoma habari za mlima wenyewe. Idara ya jiolojia na madini ya nchi hiyo, SERNAGEOMIN, ina kituo katika mji wa Temuco kinachofuatilia mitetemo ya volkano usiku na mchana, na hutangaza hali ya kila mlima kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Rangi ikiwa si kijani, safari ya kileleni huenda ikafutwa hapo hapo. Baada ya hapo hutazama hali ya hewa, na swali linalomshughulisha kuliko yote ni moja: je, usiku wa leo anga litakuwa wazi?

Anga likiwa wazi, theluji iliyolainika mchana hutoa joto lake na kuganda upya, hata kama hewa iliyo juu yake haijafikia baridi ya kugandisha. Mawingu yakitanda, joto hubaki, theluji huamka ikiwa rojorojo, na siku imeharibika kabla haijaanza. Kwa hiyo mwongozaji hulala akiwa ameshakadiria ni saa ngapi kesho atawaambia wageni wake wateremke. Saa hiyo ikishapatikana, mengine yote huhesabiwa kwa kurudi nyuma: wafike juu lini, waondoke chini lini, waamshwe lini. Nimewahi kuona mafundi wa kazi nyingi wakipanga siku yao, lakini ni wachache wanaoipanga kwa kuanzia mwisho kwa nidhamu kama hii.

Mlima ninaouzungumzia zaidi ni Lonquimay, katika mkoa wa Araucanía. Kimo chake ni mita 2,865 kutoka usawa wa bahari, karibu nusu ya Kilimanjaro, wala hauhitaji mtu ahangaike na upungufu wa hewa. Chini yake kuna misitu ya araukaria, miti mirefu yenye majani magumu kama magamba, ambayo mbegu zake ni chakula cha Wapehuenche tangu zamani. Ubavuni mwake, tarehe 25 Desemba 1988, ardhi ilipasuka ikatoa kreta mpya, ambayo hadi leo huitwa Navidad, yaani Krismasi, na mlipuko huo uliendelea hadi Januari 1990. Upande wa kusini-magharibi unaonekana Llaima, wenye mita 3,125, ulioripuka siku ya Mwaka Mpya wa 2008. Mbali zaidi kusini uko Villarrica, ambao ndani ya kreta yake kuna ziwa la lava. Msomaji wa Goma anayeijua Nyiragongo hahitaji kuelezwa maana ya kuishi karibu na mlima wa aina hiyo.

Safari yenyewe haina winchi wala kiti cha kuning'inia. Unapanda kwa miguu yako, skii zikiwa zimefungwa viatuni, na kinachokuzuia usirudi nyuma ni ukanda uliobandikwa chini ya kila skii. Zamani ulikuwa ngozi halisi ya sili. Siku hizi hufumwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora, au nailoni, au mchanganyiko wa vyote viwili, na upande wa pili umepakwa gundi. Manyoya yamelala kuelekea nyuma. Ukisukuma skii mbele yanateleza; uzito ukirudi nyuma yanasimama na kung'ata theluji. Kifungio hushika ncha ya kiatu tu, kwa vipini viwili vya chuma, ili kisigino kiweze kunyanyuka. Ni ubunifu wa Fritz Barthel wa Austria, wa miaka ya 1980, na wapandaji wengi wa skii duniani leo wanautumia. Nitaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia shuleni: skii zilifika Kilimanjaro mwaka 1912, zikiwa mikononi mwa Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König. Barafu ya Furtwängler iliyo karibu na kilele cha Kibo, ambayo sasa inayeyuka kwa kasi, ilipewa jina la huyo wa kwanza.

Kabla ya hatua ya kwanza, mwongozaji husimama kando na kuwapitisha wageni mmojammoja. Kila mmoja amevaa kifuani kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ya kilohezi 457, masafa yanayotumiwa na vifaa vyote vya aina hii duniani, na mwongozaji husikiliza kama kila kimoja kinalia. Ndani ya mabegi kuna koleo na ufito mrefu wa kukunja. Mtu akifunikwa na maporomoko ya theluji, nafasi yake ya kutoka hai hupungua sana baada ya dakika 10 hadi 15, na hakuna kikosi cha uokoaji kitakachofika kwa muda huo. Waokoaji ni wale wale walio pamoja naye.

Halafu wanaanza, na wanaanza taratibu mno. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro anaujua mwendo huu. Ni ule ule wa "pole pole" ambao waongoza watalii wetu wamewafundisha wageni wa dunia nzima. Mwongozaji wa Lonquimay hutengeneza njia mwenyewe kwenye theluji isiyo na alama, akikata kona huku na huku. Ukiitazama njia hiyo ukiwa mbali utaona kwamba mwinuko wake haubadilikibadiliki. Mteremko ukikaza, yeye huipanua njia, ukilegea, huinyoosha. Mgeni wa nyuma hajui kwa nini hachoki. Anadhani ana nguvu leo. Mimi naona huo ndio ufundi wa juu kabisa wa kazi hii, kwa sababu anayefaidika nao hautambui.

Kwenye kila kona, mkono wake haukai bure. Huchoma fimbo kwenye theluji na kuhisi inavyozama: pamekaza, pamelegea, pamekaza tena. Volkano hizi zimesimama peke yao, hazina jirani wa kuzikinga, na upepo wa Pasifiki huzipiga kutoka magharibi. Upepo huo hukwangua theluji upande mmoja na kuirundika upande wa pili, na theluji iliyorundikwa na upepo hujishika kwa ndani ikawa bamba. Bamba likilala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulikata lote. Mabamba mengi hukatika kwenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, na kwa bahati mbaya huo ndio mwinamo ambao watelezaji huupenda.

Akiwa na shaka, husimama achimbe. Hukata shimo, hunyoosha ukuta wake kwa koleo hadi uwe laini, kisha hupitisha vidole kutoka juu kwenda chini akitafuta mahali panapobonyea. Baada ya hapo hutenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kwa 30, huweka bapa la koleo juu yake na kuanza kugonga. Mara 10 kwa vidole, mkono ukicheza kwenye kifundo tu. Mara 10 kwa kutumia kiwiko. Mara 10 mkono mzima kutoka begani. Anahesabu kwa sauti. Nguzo ikikatika mapema, na sehemu ya juu ikateleza mbele kama iliyokatwa kwa msumeno, hasemi mengi: hufukia shimo na kubadilisha njia. Nguzo ikistahimili, bado hafurahi haraka, kwani shimo moja huzungumzia mahali pamoja.

Mswisi Werner Munter, mwongozaji aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maporomoko, aliwafundisha wenzake katika miaka ya 1990 kwamba uamuzi ufanywe mara tatu: nyumbani, kisha mlima ukiwa mbele ya macho, kisha kwenye mteremko wenyewe. Na kila mara yatazamwe mambo matatu: theluji na hali ya hewa, ardhi, na watu. Hilo la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mwongozaji mzuri humsoma mgeni kama anavyoisoma theluji. Anajua nani ameacha kuzungumza, nani amesahau kunywa maji, nani anataka kilele kuliko inavyofaa.

Juu kabisa ukungu hugandia miamba na kufanya magamba ya barafu. Hapo skii hufungwa begini, njumu za chuma huvaliwa, na mtu akiteleza hana cha kumsimamisha isipokuwa shoka lake la barafu. Ukungu ukishuka wakiwa hapo, umbo la mlima lenyewe huwa hatari. Kwenye mlima wenye umbo la pia, kila upande unafanana na mwingine. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 20 tu ukiwa kileleni, baada ya kuteremka kilomita 3 utakuwa umekosa gari lako kwa takriban kilomita moja, pengine uko ng'ambo ya bonde jingine. Ndiyo maana mwongozaji huandika mwelekeo wa kushuka mapema, jua likiwa bado linawaka.

Lakini umbo hilo hilo ndilo analolifanyia kazi siku nzima. Lonquimay iko zaidi ya nyuzi 38 kusini mwa ikweta, na huko jua la mchana hukaa kaskazini mwaka mzima. Sisi tuliozoea jua la utosini, linalohama kaskazini na kusini kwa kufuata miezi, inabidi tufikiri kidogo. Asubuhi jua hupiga upande wa mashariki, kisha kaskazini, alasiri magharibi. Upande wa kusini hubaki na baridi yake. Mlima wa pia una pande zote hizo, na zote zinaanzia kileleni. Mwongozaji akichelewa nusu saa, anaweza kusogea kidogo kuzunguka mlima na kuikuta theluji iliyo katika hali ile aliyoitaka.

Hali hiyo ni ya muda mfupi. Theluji ya Septemba na Oktoba, iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi, huwa na punje za duara kama ulezi. Mapema mno, ni barafu inayong'oa meno. Ukichelewa, miguu inazama na theluji mbichi inaanza kuporomoka. Katikati kuna muda ambao sentimita 2 au 3 za juu zimelainika na chini bado pamekaza. Mwongozaji hupiga kisigino chini, hungoja, anakula kipande cha mkate, hupiga tena. Wageni wanasikia baridi na wanataka kuondoka. Yeye hungoja. Halafu anabandua zile kanda za chini ya skii, anazikunja gundi kwa gundi, anafunga visigino, na anateremka wa kwanza ili wengine wafuate anapopita.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya waongozaji wa milima lilianzishwa mwaka 1965 na Austria, Ufaransa, Uswisi na Italia, na mafunzo ya kuipata beji yake huchukua miaka kadhaa, yakijumuisha mwamba, barafu na skii. Ukitaka kwenda Lonquimay, mtafute mwenye mafunzo hayo, mweleze ukweli kuhusu uwezo wako wa kuteleza, na utenge siku mbili au tatu za ziada. Atazihitaji kungojea usiku wa anga wazi, na akikwambia leo hatupandi, mlipe siku hiyo sawasawa na siku ya kilele.