Kuta za Chumba cha Mwanao

Msomaji mpenzi, ingia leo katika chumba alalacho mwanao wa kiume, ukae juu ya kitanda chake, utazame ukutani. Hayo uyaonayo ndiyo ayaonayo yeye kabla ya kufumba macho, na ndiyo yampokeayo aamkapo.

Katika nyumba zetu nyingi utakuta mapicha yamejaa tangu mlangoni hata dirishani: mcheza mpira, mpigana ngumi, mwimbaji aliye nusu uchi. Mara nyingi mnunuzi ni mzazi mwenyewe. Hudhani amempamba mwanawe, kumbe amepamba ukuta tu.

Hatusemi mtoto asifurahi. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza, akamjibu kwamba Nabii Suleiman naye alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud.

Lakini Bibi Aisha huyo huyo alipotundika pazia lenye picha, Mtume hakuridhika. Likakatwa, likafanywa mito ya kuegemea. Na katika mapokezi ya Anas aliyoyataja Bukhari, Mtume alitaka pazia liondolewe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika Sala. Ikiwa yeye alichelea hayo, seuze mtoto wa miaka saba, ambaye ndio kwanza tumeamrishwa tumhimize kusali!

Maulamaa wamehitilafiana juu ya picha za kamera, nasi hatuingii humo. Twauliza jambo dogo tu: katika chumba hicho, kibla ni ukuta upi? Kwetu pwani ni wa kaskazini. Je, mwanao anapofunga Sala, nani amesimama mbele yake?

Wala lawama si ya mzazi huyo peke yake. Yuko na mwingine, aliyetundika Ayatul Kursiyyu ndani ya kioo chenye ukingo wa dhahabu, akaona amemaliza kazi. Kioo kimeshika vumbi, na mtoto hawezi kuisoma aya hiyo hata mstari mmoja. Aya iliyotundikwa si aya iliyohifadhiwa.

Wazee wetu hawakuchukia uzuri. Tazama majumba ya Lamu na Pate ya karne ya 18: kuta za chokaa nyeupe, zidaka zimepangwa safu juu ya safu, nakshi za majani na maua, na ndani ya zidaka vyombo vya kaure na vitabu. Jicho lilipata raha, na moyo haukupata wa kumsujudia.

Basi fanya hivi, ndugu yangu. Usiyachane mapicha usiku mtoto akiwa amelala. Utamfundisha kuficha, si kuacha. Keti naye, mweleze, kisha mpake chokaa pamoja. Rangi achague yeye. Ukuta wa kibla uacheni mtupu. Mpe rafu ya vitabu, taa nzuri, mswala wake mwenyewe, na mpira wake uwe pembeni.

Kisha ingia chumbani humo kila usiku, umsomee. Mtoto aliyekosa uso wa babake hutafuta uso mwingine wa kubandika ukutani.

Wabillahi tawfiq.